Kutu ndani ya tangi: tuangalie nini mbele ya kununua pikipiki ya zamani



Mwezi huu hatuzungumzi juu ya mbegu wala juu ya viwavi. Tunazungumza juu ya pikipiki, sababu ndiyo inabeba mbegu na ndiyo inaleta feza ya mavuno nyumbani. Nyuma ya kuuza muhindi na mpunga, komite nyingi zinatuuliza swali moja: tununue pikipiki mpya ya dukani, ao ile ya zamani ambayo mradi uliofungwa unaiuza kwa bei nzuri? Kwa swali hilo kila kooperative itajibu kufuatana na sanduku lake. Sisi tunataka tu kuonyesha kitu kimoja ambacho wanunuzi hawakiangalii, nacho ni tangi la esansi kwa upande wa ndani.

Mtu akienda kununua pikipiki anapiga magoti kuangalia mota, anasikiliza sauti, anabonyeza matairi, anavuta breki. Hayo yote ni mazuri. Lakini tangi linapakwa rangi kwa nje, linang'aa, na hakuna anayefungua mfuniko zaidi ya kuangalia kama esansi iko. Kumbe pikipiki iliyosimama miaka miwili chini ya mti inaweza kuwa na mota nzuri kabisa na tangi ambalo ndani limekuwa jekundu kama barabara ya kwenda Nyunzu.

Hapa kwetu zile za zamani zinazouzwa sana sana ni Yamaha AG 100, Yamaha DT 125 na Honda XL 125. Mashirika yalizileta kwa kazi ya vijijini. Ile AG, herufi zake zinatokana na neno la kilimo: ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, mnyororo wake umefunikwa wote ili matope yasiingie, ina kibebeo cha chuma, na ina vigingi vya kusimamisha upande wa kushoto na wa kuume. Ni pikipiki nzuri, tunaisifu. Lakini tangi lake ni la chuma, na chuma kinaogopa maji.

Kutu inazaliwa namna gani? Inahitaji vitu vitatu tu: chuma, maji na hewa. Watu wanasema, "Lakini ndani ya tangi ni esansi, maji yanatoka wapi?" Yanatoka kwenye hewa. Tuseme pikipiki imeegeshwa na tangi liko nusu. Nusu ile nyingine si tupu, imejaa hewa. Mchana jua linapiga, hewa inavimba na kutoka kupitia kitundu kidogo cha mfuniko. Usiku baridi inaingia, hewa ya ndani inajikunja, na tangi linavuta hewa nyingine kutoka nje. Hapa Kalemie, pembeni ya ziwa, hewa ile ya usiku ni yenye unyevu. Inagusa chuma kilichopoa, na unyevu unageuka matone. Mliowahi kufungia muhindi usiokauka ndani ya pipa mnajua jambo hili: asubuhi unafungua, mfuniko unatoka jasho. Tangi linatoka jasho namna ile ile, kila usiku, kidogo kidogo.

Matone yale yanateremka. Litre moja ya maji ina uzito wa kilo moja, litre moja ya esansi ina kama gramu 750 hivi, kwa hiyo maji yanapita chini ya esansi na kulala kwenye sakafu ya tangi, fasi ya chini kabisa. Hapo hayawezi kukauka, sababu esansi imeyafunika. Ndiyo maana kutu inapatikana fasi mbili: juu, kwenye paa la tangi ambako esansi haifiki, na chini, kwenye kona na kwenye mshono ambako maji yamelala. Ya juu inaonekana haraka na kumwogopesha mnunuzi. Ya chini ndiyo inatoboa.

Tuongeze maji mengine: mvua inayopita kwenye mfuniko ambao mpira wake umekufa, na esansi yenyewe. Kwa wauzaji wa njiani, wale tunaowaita Kadhafi, esansi imepita kwenye mapipa, bidoni na chupa kabla ya kufika kwako. Hatusemi wote ni wadanganyifu. Bidoni iliyooshwa na haikukauka inatosha.

Sasa tuje kwenye ujanja ambao pikipiki yenyewe inamfanyia mnunuzi, hata kama muuzaji ni mtu mwema. Angalieni robine chini ya tangi. Ina fasi tatu: kufunga, kutembea na rezava. Watu wengi wanafikiri rezava ni tangi lingine dogo. Hapana. Ni esansi ile ile. Ndani ya tangi, juu ya robine, kuna kamrija kalikosimama. Ukiweka kwenye kutembea, esansi inaingia kupitia kichwa cha mrija, yaani inachukuliwa juu kidogo ya sakafu. Ikishuka chini ya kichwa cha mrija, mota inazima, unageuza kwenye rezava, na esansi inachukuliwa kupitia tundu la chini kabisa.

Mmeona neno liko wapi? Maji na unga wa kutu vimelala sakafuni. Muuzaji anaweka esansi ya kutosha, robine iko kwenye kutembea, pikipiki inawaka vizuri, mnazunguka nayo mpaka karibu na stesheni ya treni na kurudi, kila mtu anafurahi. Uchafu uko chini ya kichwa cha mrija, haujaguswa. Siku mnayogeuza rezava, mkiwa mbali na nyumbani, takataka yote inashuka kwenye kabureta.

Hivi ndivyo ilivyokuwa kwa kooperative moja ya upande wa njia ya Bendera, tunaweza kueleza bila kutaja jina. Walichanga kwa misimu miwili. Walinunua pikipiki ya zamani mwezi wa nane, ikafika kijijini bila tatizo. Mwezi wa kumi mvua zikaanza, trezorie akatumwa mjini kuchukua mbegu za muhindi ambazo wanachama walikuwa wamekwisha kulipia. Wakati wa kurudi akageuza rezava. Mota ikakohoa, ikazima, ikawaka, ikazima tena. Alilala njiani na mifuko ya mbegu chini ya shiti, na usiku ule mvua ikanyesha. Nyuma yake fundi alibadilisha buji, akabadilisha tena, akafungua kabureta mara tatu. Kila mara inatembea siku mbili na kufa. Feza ikatoka kila mara. Wanachama wakaanza kusema kwamba trezorie na fundi wanakula pamoja. Ilifika hatua ya mkutano wa kumtoa trezorie, mpaka siku fundi mwingine alipofungua robine na kutoa uji mwekundu uliojaa nusu kikombe. Mbegu kadhaa zilikuwa zimeanza kuchipuka ndani ya mfuko. Na maneno yaliyosemwa kwenye mkutano ule hayajasahauliwa mpaka leo.

Kwa hiyo, namna ya kuangalia. Nendeni watu wawili, pamoja na fundi ambaye si rafiki wa muuzaji. Mwambieni muuzaji mapema asiwashe pikipiki, mnataka kuikuta baridi na imetulia tangu jana, ili uchafu uwe umelala fasi yake. Chukueni chupa mbili za maji za plastiki zinazopitisha mwanga, tochi, kipande cha sumaku ya baffle ya redio iliyokufa, na uzi.

Fungueni mfuniko na mnuse. Esansi nzuri inanukia kwa ukali. Ile iliyokaa muda mrefu inanuka kama rangi ya kuta iliyoharibika, na harufu hiyo inawaambia kwamba pikipiki imesimama miezi mingi, hata kama muuzaji anaapa kwamba aliipanda juzi. Kisha mulikeni kwa tochi. Tunarudia: tochi. Si kiberiti, si briketi ya sigara. Angalieni paa la tangi kwa kuinamisha kichwa, si sakafu peke yake. Kama mnaona rangi ya kahawia nyepesi kama vumbi, hiyo si hatari kubwa. Kama mnaona magamba yanayobanduka kama ganda la mti, hiyo ni habari nyingine.

Fungeni sumaku ndani ya kipande cha mfuko wa plastiki, mfunge na uzi, mteremshe mpaka chini na kuiburuta polepole. Mkiitoa, magamba na unga wa chuma vitakuwa vimeshika kwenye plastiki. Mnageuza mfuko, mnaona kwa macho.

Halafu jaribio lenye maana kuliko yote. Toeni mpira wa esansi kwenye kabureta, muuingize kwenye chupa, mgeuze robine kwenye rezava, na mjaze nusu litre. Sherti iwe rezava. Muuzaji akisema "Basi wakubwa, weka tu kwenye kutembea, ni sawasawa", mnajua sasa kwamba si sawasawa. Wekeni chupa chini, mzungumze mambo mengine kwa dakika kumi na tano. Kama kuna maji, mtayaona chini yamejitenga, na mpaka kati yake na esansi utaonekana kama mstari. Kama kuna kutu, chini patakuwa na tope jekundu. Angalieni pia namna esansi ilivyoshuka: kama ilianza kwa nguvu na ikaishia kwa matone, chujio la ndani ya robine limeziba.

Kuna alama nyingine ndogo ambayo sisi tunaipenda. Mkikuta pikipiki mzee, kila kitu mzee, lakini katikati ya mpira wa esansi kuna chujio jipya linalong'aa, ulizeni kwa heshima nani aliliweka na kwa sababu gani. Chujio ni kitu kizuri, hatukatai. Lakini mtu haweki dawa fasi ambayo haiumi.

Mwisho, pitisheni mikono chini ya tangi, kwenye mshono na kwenye kona za nyuma. Kama kuna rangi mpya hapo chini tu, ao mafuta yanayonata, kuna tundu lililofichwa. Chukueni sumaku ile ile na muipitishe kwa nje: fasi ya chuma inashika, fasi iliyozibwa kwa mastiki haishiki. Sumaku ikianguka, chini ya rangi ile hakuna chuma.

Nyuma ya hapo mnaweza kuzungumza bei. Tangi lenye vumbi la kahawia na chupa safi: nunueni, mtaliosha nyumbani. Tangi lenye magamba lakini halina tundu: linaweza kupona, lakini hesabuni kazi ya siku mbili ya fundi, chujio, mpira mpya na kusafisha kabureta, na hesabu hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji, si kwenye sanduku la wanachama. Tangi lililotoboka kwenye mshono: kwa maoni yetu muiache, isipokuwa mmekwisha kuona kwa macho yenu tangi lingine la aina hiyo na kujua bei yake. Tangi la TVS ao la Boxer mtu anaweza kulitafuta sokoni na kulipata. La AG 100 mnaweza kulitafuta mpaka msimu upite. Tundu moja mnaloliona lina ndugu zake ambao bado hawajatoka nje.

Kama mmenunua na mnataka kutibu, fanyeni hivi. Toeni tangi kwenye pikipiki, mwagizeni esansi yote ya zamani kwenye bidoni. Msiimwage kwenye Lukuga, wala ziwani, wala shambani. Ichujeni kwa kitambaa na muitumie kusafishia mnyororo na vifungo. Toeni robine na mfuniko, muviweke mbali, sababu asidi itakula metali yake na mipira. Zibeni tundu la robine kwa kipande cha mpira wa tairi na bati lililokazwa kwa boloni zake.

Osheni ndani kwa maji ya moto na sabuni ya unga mpaka harufu ya esansi iishe. Kisha kazi ya mikono: tieni njugu za boloni ndogo viganja viwili, pamoja na maji kidogo, funikeni tangi kwa blanketi lisikwaruzwe, na vijana wapokezane kulitikisa kwa kila upande. Hesabuni njugu mbele ya kuzitia na muhesabu tena mkizitoa. Msitumie changarawe wala mchanga. Vitabaki kwenye kona na kushuka kwenye kabureta miezi sita mbele.

Kwa kutu iliyobaki, asidi nyepesi inatosha. Siki ya dukani inafaa. Maji ya limau pia yanafaa, na limau si kitu cha kutafuta mbali: zikamueni, mchuje kwa kitambaa mara mbili. Hamuhitaji kujaza tangi lote. Litre mbili ao tatu zinatosha kama mnaligeuza kila saa kadhaa, leo limelala ubavu huu, baadaye ubavu ule, kichwa chini. Mwacheni usiku mmoja, muangalie asubuhi, na kama bado mwongeze siku moja. Chuma kikionekana cha kijivu, inatosha. Limau lina sukari, kwa hiyo baada yake osheni vizuri kabisa.

Mafundi wengine watawaambia mtumie maji ya batri, ni haraka. Kataeni. Asidi ile haichagui kati ya kutu na chuma kizima, inaunguza macho na mikono, na inatoa gesi inayowaka. Tangi ambalo lilikuwa jembamba linatoka hapo likiwa kama karatasi.

Mkimwaga asidi, suuzeni kwa maji yenye bikarbonati, vijiko viwili kwa litre, kisha maji safi mara tatu. Sasa hakuna kupumzika, sababu chuma kilichooshwa kinapata kutu mpya wakati mtu anakunywa chai. Mwageni maji yote, mwanikeni tangi kwenye jua la saa sita midomo yote ikiwa wazi, mpulize kwa pampu ya kinga. Likikauka tu, tieni nusu glasi ya mafuta ya mota iliyochanganywa na esansi kidogo, mzungushe ili yapake kila ukuta, mmwage, murudishe robine iliyosafishwa, na mjaze esansi siku ile ile.

Juu ya kuziba tundu kwa kuchomelea, tutasema wazi, hata kama maneno haya yanachosha. Tangi tupu ni hatari kuliko tangi lililojaa. Esansi haiungui yenyewe, inayoungua ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi linaloitwa tupu limejaa mvuke huo. Mvuke ni mzito kuliko hewa; unatambaa chini kama maji na unaweza kufika kwenye mbabula ya mama aliyekaa mbali akikaanga mihogo. Fundi anayetaka kuchomelea tangi lililofunguliwa asubuhi ile, bila kuliosha kwa maji ya moto na sabuni, na bila kulijaza maji mpaka karibu na fasi ya kuchomelea, msimpe. Mwondoeni watoto, na ninyi wenyewe ondokeni. Kwa tundu dogo la njiani, sabuni ya kipande iliyosuguliwa kwa nguvu juu yake inazuia matone kwa muda wa kufika nyumbani. Ni kwa kufika nyumbani tu.

Tukimaliza, namna ya kulitunza tangi lililo zima. Pikipiki ikikaa zaidi ya wiki mbili bila kazi, ijazwe mpaka juu, robine ifungwe, ilale ndani ya nyumba. Ndiyo, esansi ni ghali, na trezorie atasema feza inalala ndani ya tangi. Ilale. Mkinunua kwa Kadhafi, acheni chupa itulie, mmimine polepole kupitia kitambaa kizito, na kidole cha mwisho chini ya chupa kibaki. Mara moja kwa mwezi fungueni kikombe kidogo kilicho chini ya robine, kama pikipiki yenu inacho, mmwage maji yaliyokusanyika.

Na karatasi ya mauzo: pamoja na namba ya shasi na ya mota, andikeni mstari mmoja kwamba tangi lilijaribiwa kwenye rezava mbele ya mashahidi, tarehe fulani, na hali iliyoonekana ndani ya chupa. Muuzaji asaini, prezida asaini, fundi asaini. Nakala moja ibaki kwa trezorie.